Mwalimu alipokuwa mshitakiwa wa Malkia

Wadau, hivi karibuni nilikuwa nyumbani Bunda. Nikapanda basi la Musoma, nikashuka Kiabakari, nikachukua pikipiki mpaka Butiama. Wengi huenda pale kuzuru kaburi la Mwalimu na kupiga picha. Mimi nilikuwa namuwaza Nyerere aliyepelekwa mahakamani kwa sababu ya kuandika.

Mwanzoni mwa 1957 serikali ya kikoloni ilimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Akakamata kalamu. TANU ikawa inatoa Sauti ya TANU, karatasi za kurudufu tu, tena kwa Kiingereza. Nadhani alitaka wakubwa wasome wenyewe bila mkalimani! Na walisoma. Toleo la Mei 1958 liliwashambulia ma-DC kwamba wanawaonea watu wa TANU, na Julai akapandishwa kizimbani Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai.

Hapa ndipo palinichekesha. Waliotajwa ni ma-DC, lakini anayeshitaki ni Malkia Elizabeth, maana kesi za jinai zilifunguliwa kwa jina lake. Na Tanganyika haikuwa hata koloni lake, ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa.

Wakili D.N. Pritt, yule aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria, alitoka London kuja kumtetea. Hata hivyo Agosti Nyerere alitiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa. Miaka hiyohiyo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walikwenda jela kwa uchochezi. Hao hatuwakumbuki sana.

Desemba 9, 1961 mshitakiwa yule alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru, na mkuu wa nchi akabaki Elizabeth yuleyule mpaka tulipokuwa Jamhuri Desemba 9, 1962.

Lakini wadau, Sheria ya Magazeti ya 1976 ilipitishwa Mwalimu akiwa Rais, na ndani yake kulikuwa na kashfa ya jinai na uchochezi. Chuoni niliisoma mara mbili nikidhani nimekosea mwaka. Ilidumu mpaka ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na neno uchochezi likaingia humo pia.

Mwaka jana niliandika habari ya mtendaji mmoja wa kata. Ikakaa mezani kwa mhariri wiki tatu. Nilipouliza, akasema, "Dogo, faini utalipa wewe?"