Hali ya kinga katika amplifaya

Umewasha amplifaya, kioo kikaandika PROTECT, ikajizima. Wengi humwambia fundi, "Imeingia protekti." Kwa Kiswahili tuseme imeingia hali ya kinga, na sehemu inayoizima tuiite saketi ya kinga. Wapo wanaopenda "ulinzi", ila neno hilo linanukia askari na lango. Kukinga ni kuzuia kitu kisifike kinakoelekea: mwavuli hukinga mvua, mkono hukinga pigo. Ile kinga ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha kuni, wala haiwezi kumchanganya mtu hapa.

Kinachokingwa hasa ni spika. Transista za kutoa sauti zikiungua, mara nyingi hushoti, na umeme wa mkondo mnyoofu, pengine volti 40 au zaidi, hukimbilia spika. Koili ya spika haikuundwa kwa umeme huo, huungua upesi. Basi saketi ikihisi hatari, rilei, ile swichi ndogo inayolia "ta!" unapowasha, hukata njia. Kwa hiyo kinga si ugonjwa. Fundi anayeunga waya kuiruka rilei ili redio "ilie" hajatengeneza kitu, amemwandalia mteja gharama ya spika.

Huku Nyamira, chanzo cha transista kuungua hakitafutwi mbali. Nyanda za Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi, na radi ikigusa laini, zile volti 240 za kawaida hupanda ghafla hadi ndani ya nyumba. Kuzima kwa rimoti hakusaidii. Chomoa plagi mawingu yakikusanyika, na antena pia.

Kutafuta kosa, anza na rahisi. Zima, chomoa nyaya zote za spika, washa tena. Ikitulia, kosa liko nje: uzi mmoja wa shaba ukigusa mwenzake nyuma ya mashine unatosha kuleta kinga, au spika yenyewe imeshoti. Ikirudia, chomoa umeme na uhakikishe kwa mita kwamba kapasita kubwa zimeisha chaji, maana hizo hupiga hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kisha pima transista: mita ikisoma karibu na sifuri kati ya kolekta na emita, toa transista hiyo uipime ikiwa nje ya bodi. Iliyokufa ibadilishwe pamoja na jozi yake. 2SC5200 huenda na 2SA1943, na feki zake ni nyingi sokoni, kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayemwamini. Usisahau karatasi ya maika na grisi ya joto.

Kabla ya kuwasha, unga balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo na waya wa umeme. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, bado kuna shoti: zima, urudi kwenye mita.