Kichwa cha Gia Kinapogoma: Historia Fupi ya Hesi

Umenunua kichwa kipya cha gia na unataka kutoa cha zamani. Unakishika, unakizungusha kinyume na mwendo wa saa, wapi! Unamwita jirani mwenye mikono mikubwa, naye anatoka jasho bure. Kabla hamjachukua nyundo, hebu tuangalie kilichomo ndani ya hicho kidude.

Ndani kuna hesi, ule mfereji unaozunguka ambao mafundi wengi mtaani wanauita thredi. Hesi ina vipimo vitatu muhimu: unene wa bolti, umbali kutoka tuta moja hadi jingine, na pembe ya tuta lenyewe. Kimoja tu kikipishana, nati haifungi vizuri. Vipimo hivyo vimewagombanisha watu kwa zaidi ya miaka 100.

Karibu na mwaka 1800, Henry Maudslay wa London alitengeneza mashine ya kukereza hesi kwa usahihi mkubwa. Ndani ya karakana yake, nati moja iliweza kuingia kwenye bolti nyingi. Shida ni kwamba karakana ya pili ilikuwa na vipimo vyake, na ya tatu vyake. Bolti ikikatika, ilibidi urudi kwa aliyekutengenezea mashine, au uchongewe nyingine upya.

Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay, alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima na kutafuta wastani. Mwaka 1841 akapendekeza mfumo mmoja: pembe ya nyuzi 55, na idadi maalumu ya matuta kwa kila unene. Uingereza ikaupokea. Marekani je? Mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia alikuja na mfumo wake wa nyuzi 60 na matuta yenye ncha bapa, akisema ni rahisi zaidi kwa fundi wa kawaida kuuchonga. Kwa bolti ya nusu inchi, Whitworth aliweka matuta 12 kwa kila inchi, Sellers 13. Tofauti ya tuta moja tu, lakini hazifungani.

Gharama ya ubishi huo ilionekana kwenye Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipopewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Rolls-Royce Merlin, ilikuta zimechorwa kwa hesi za Kiingereza. Ilibidi itengeneze kwanza zana za kuchongea hesi hizo, wakati vita havisubiri mtu. Ndiyo maana Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini mfumo wa pamoja, na pembe iliyoshinda ni ile ya nyuzi 60. Hesi za milimita za ISO, ambazo ziko kwenye magari mengi leo, zina pembe hiyohiyo.

Kwa hiyo tumeshakubaliana? Siyo kabisa. Fimbo za gia za Toyota nyingi zina unene wa milimita 12 na hatua ya 1.25. Honda nyingi ni 10 kwa 1.5, Nissan nyingi ni 10 kwa 1.25. Ukilazimisha kichwa cha Honda kwenye fimbo ya Nissan, kitazunguka raundi moja au mbili kisha kitang'ang'ania. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kukwama. Ya pili ni kutu: alumini ikigusana na chuma, halafu jasho la mkono lenye chumvi likapenya katikati, inakuwa kama betri ndogo inayoila alumini, na unga unaobaki unajaza nafasi. Ya tatu ni gundi.

Sasa tukitoe. Kwanza hakikisha kweli kina hesi, maana vichwa vya gari za otomatiki mara nyingi hushikwa na pini au skrubu ndogo, na vingine husukumizwa tu. Hivyo ukivizungusha utavivunja. Kama kina hesi, inua ngozi ya chini uone kama kuna nati ya kukazia, uilegeze. Kisha kipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo kichwa kinalegea kwenye fimbo, na gundi nayo inalainika. Vaa glavu ya mpira, mtu mwingine aishike fimbo kwa spana isiyumbe, ndipo uzungushe. Kikigoma bado, kiache kipoe, weka mafuta ya kulegeza kutu, ukilaze hadi kesho.

Na kabla ya kufunga kile kipya, soma namba zake. Kikianza kukaza baada ya raundi ya kwanza, simama hapohapo: hesi ya fimbo ikishaharibika, hata kichwa sahihi hakitafunga.