Mpangaji wa Kiwanja cha Ndege

Mji wa Singida wajulikana kwa mawe yake makubwa na kwa maziwa yake mawili, Singidani na Kindai. Unacho pia kiwanja cha ndege, mali ya Serikali. Kiwanja cha namna hii hakimvuti mfanyabiashara, kwa kuwa abiria wake ni wachache; lakini siku mgonjwa mahututi atakapohitaji kusafirishwa upesi, thamani yake haitapimwa kwa fedha. Kwa sababu hiyo, habari za kiwanja cha Kilimanjaro, kilicho mbali kupita Babati na Arusha, zawahusu watu wa Singida pia.

Kiwanja hicho kilifunguliwa mwaka 1971. Wakati huo ilisadikiwa kwamba viwanja ni kazi ya dola. Fikira hiyo ilianza kugeuka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1986 iliyafanya mamlaka ya viwanja kuwa kampuni, na mwaka 1987 hisa zake zikauzwa. Tanzania haikuuza, ilikodisha. Mwaka 1998 kiwanja cha Kilimanjaro kilikabidhiwa kampuni ya KADCO kwa miaka 25. Ndani yake walikuwamo wenye mitaji kutoka ng'ambo, miongoni mwao Mott MacDonald ya Uingereza, na Serikali ikabaki na sehemu ndogo ya hisa.

Kukodisha si kuuza. Auzaye hana tena neno. Akodishaye hungoja mali irudi. Lakini mpangaji wa shamba, mwaka wa kwanza hupanda miembe. Muda unapokaribia kwisha, hupanda vitunguu, avune aondoke. Basi sharti mkataba useme waziwazi ni nani atakayetengeneza njia ya kurukia, na katika mwaka gani.

Mwaka 2009 Serikali ilizinunua hisa za wenziwe wote. Ingedhaniwa kwamba shauri limekwisha. Kumbe kampuni ilibaki, na mkataba ukabaki. Mwenye nyumba akawa mpangaji wa nyumba yake mwenyewe! Mwaka 2022 Bunge lilikuwa lingali likihoji kwa nini kiwanja hakirudi kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Muda wa mkataba ulikwisha mwaka 2023, na kiwanja kikarudi kwa Mamlaka.

Hapo ndipo Singida inapoingia. Mamlaka hiyo ndiyo itunzayo viwanja vidogo vya Bara, navyo havijitoshelezi. Hulishwa na mapato ya vile vikubwa. Ng'ombe wa maziwa akifungwa katika zizi la mtu mwingine, watoto watakunywa nini?

Swali hili halikuishia Tanzania. Mwaka 2024 Wakenya walipinga kiwanja cha Jomo Kenyatta kukabidhiwa kampuni ya Adani ya Uhindi kwa miaka 30. Wafanyakazi waligoma mwezi wa Septemba, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaufuta mpango huo.

Haifai kusema kwamba kila mpangaji ni mwizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtaji wa mgeni waweza kujenga jengo ambalo hazina ya nchi haikuliweza. Lakini kabla ya kutia sahihi, yafaa kuuliza si kiasi gani mgeni ataleta tu, bali pia nani atakayefyeka majani katika kiwanja cha Singida.