Scout na Jamaa Zake: Nasaba ya Roketi Zilizopitia Ghuba ya Ungwana

Tarehe ya vyombo vya angani huandikwa aghalabu kwa wino wa mataifa makubwa, na mahali patajwapo humo ni Baikonur, Cape Canaveral na Kourou, hata msomaji aweza kufika ukurasa wa mwisho asijue kwamba kwa muda wa miaka 21, tangu Aprili 1967 hata Machi 1988, setilaiti 9 zilipelekwa angani kutoka juu ya maji ya pwani ya Waswahili, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wala katika hizo 9 hapana hata moja iliyopotea njiani. Roketi iliyozichukua iliitwa Scout, yaani mpelelezi atanguliaye jeshi kutazama njia. Ilikuwa ndogo mno mbele ya majitu yaliyowapeleka watu mwezini, na labda ndiyo sababu wasifu wake umeandikwa kwa haraka. Nami naona ni haki usimuliwe kwa taratibu, na usimuliwe kwa lugha ya pwani ambayo sehemu moja ya wasifu huo ilitendeka.

Scout ilizaliwa Langley, katika jimbo la Virginia, mikononi mwa wahandisi waliotaka chombo rahisi cha kupandishia vyombo vya ilimu visivyo vizito. Walichagua fueli yabisi, ambayo haimiminwi ndani ya matangi saa za mwisho kama fueli ya maji, bali hufinyangwa ikagandishwa ndani ya mwili wa roketi, ikakaa humo kama baruti ikingojea cheche. Mwili wenyewe ulikuwa wa vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, vingine vikiwa wana wa makombora ya vita kama Polaris na Sergeant, na wote pamoja, katika umbo lake la baadaye, ulifikia kimo cha mita 23 hivi na uzito wa tani 21 au zaidi kidogo. Safari ya kwanza ilikuwa tarehe 1 Julai 1960, kutoka kisiwa cha Wallops, nayo haikutimiza kusudi lake. Lakini tarehe 16 Februari 1961 Scout ilikiweka angani Explorer 9, puto la kupimia hewa ya juu, nayo ikawa roketi ya kwanza ya fueli yabisi tupu kufikisha setilaiti katika obiti.

Vipande vinne vile vilipewa majina ya nyota: Algol, Castor, Antares na Altair. Mswahili ayasomapo majina haya hujikuta nyumbani kabla hajafafanuliwa neno, kwa kuwa Algol ni Kiarabu cha kichwa cha ghuli, ambalo sisi twaliita zimwi, na Altair ni lile neno al-tair, nalo ni kipande cha jina refu lenye maana ya tai arukaye. Mabaharia wa Kiarabu waliokata Bahari ya Hindi kwa dira ya nyota waliiita nukta ya mashariki kamili kwa mahali ichomozapo nyota hiyo, matla al-tair, na wavuvi wetu wamelihifadhi neno hilo hilo la matlai kwa upepo utokao upande huo. Sidhani kwamba wahandisi wa Virginia waliyawaza hayo. Lakini Scout ilipokuja kurushwa Ngomeni ilielekezwa mashariki kamili, na kipande chake cha juu kabisa, kilichoifikisha setilaiti mwisho wa safari, kilikuwa Altair.

Njia haikuwa nyoofu. Tarehe 20 Julai 1963, huko Wallops, bomba la kutolea moto la Algol liliungua likatoboka mara baada ya kuruka, na roketi ikaenda mrama ikavunjika. Hapo uongozi ukafanya jambo la busara ambalo wenye haraka hawalifanyi: roketi zilizokuwa tayari zilirudishwa zikafunguliwa, zikakaguliwa upya kipande kwa kipande, na kanuni moja ikawekwa kwa kila fundi katika kila kiwanja. Kutoka hapo Scout ikawa mashuhuri kwa uaminifu. Hata iliporuka mara ya mwisho kutoka Vandenberg, California, Mei 1994, ilikuwa imekwisha kurushwa mara 118.

Ndani ya habari hiyo ya Marekani akaingia Mtaliana mmoja, Profesa Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana kwamba Marekani itoe roketi na mafunzo, na Italia itoe setilaiti, mafundi na kiwanja. Setilaiti iliitwa San Marco, kwa jina la mtakatifu mlinzi wa Venice, na ya kwanza ilirushwa na mafundi wa Kitaliana wenyewe kutoka Wallops tarehe 15 Desemba 1964. Kiwanja, hata hivyo, Broglio alikitaka Ikweta, na hapa inafaa tutue kidogo, kwa maana ndiyo siri ya habari yote.

Dunia ijizungushapo, mtu aliye Ikweta huchukuliwa mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi, na roketi irushwayo huko huanza safari ikiwa na mwendo huo mkononi. Zaidi ya hayo, roketi irushwayo kutoka latitudo ya 38, kama ilivyo Wallops, haiwezi kuiweka setilaiti katika obiti ifuatayo Ikweta ila kwa kuipindisha njia ikiwa angani, na kupindisha huko hula fueli nyingi kuliko kiasi ambacho roketi ndogo iliweza kubeba. Nayo obiti ya Ikweta ilikuwa na thamani kubwa kwa wanafalaki, kwa kuwa chombo kiendacho humo, kisipopanda juu sana, huepuka sehemu kubwa ya chembe za umeme zilizonaswa na usumaku wa dunia, ambazo huvipofusha vipimo vya miali. Ghuba ya Ungwana, iliyobeba jina la mji wa kale ambao magofu yake yako karibu na mlango wa mto Tana, i chini ya digrii tatu kusini ya Ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu.

Basi majukwaa mawili ya chuma yakaletwa, yakasimamishwa kwa miguu yao katika maji machache ya ghuba: San Marco, la kurushia, na Santa Rita, la pembe tatu, lililokuwa la kutafutia mafuta na ambalo sasa liliwahifadhi waongozaji, na kati yao zikalazwa nyaya chini ya maji. Roketi iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda refu, ikakaguliwa, kisha ikainuliwa wima juu ya bahari. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliondoka hapo, ikiwa na mizani ya Broglio ndani yake ya kupimia msukumo wa hewa nyembamba mno iliyoko mamia ya kilomita juu ya Ikweta.

Lakini safari iliyoifanya ghuba hii isisahaulike katika falaki ni ya tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, ya kwanza ya taifa hilo kurushwa na mafundi wa taifa jingine, na ya kwanza popote kutengenezwa kwa ajili ya kutazama nyota kwa miali ya eksirei peke yake. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi hiyo, akaipa jina la Uhuru. Uzito wake haukupita kilo 150, nayo ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Katika muda huo ilionyesha kwamba mbingu, tuzionazo tulivu, zimejaa nyota zinyonyanazo. Cygnus X-1, ambayo vipimo vya Uhuru vilisaidia kuwaongoza wanafalaki kuitambua kuwa shimo jeusi, ilikuwa miongoni mwa zilizochunguzwa, na orodha yake ya nne ilikusanya vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Zilizofuata nazitaja kwa ufupi: San Marco 3 na Explorer 45 mwaka 1971, SAS-2 ya miali ya gama mwaka 1972, San Marco 4 na Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974, SAS-3 mwaka 1975, kisha kimya cha miaka 13 hata San Marco ya mwisho, tarehe 25 Machi 1988.

Waitalia hawakukusudia kuishia hapo. Walipanga kuiongezea Scout nguvu kwa roketi za ubavuni zitengenezwazo Colleferro, karibu na Roma, ili iendelee kuruka kutoka ghuba ile ile. Mpango huo haukutimia, lakini mawazo yake yakazaa Vega. Jina hilo nalo limetoka kwa Waarabu, al-waqi, tai atuaye, mwenziwe yule arukaye. Vega ilianza tarehe 13 Februari 2012, ikirushwa Kourou, na katika safari 22 ilifaulu 20, ya mwisho ikiwa Septemba 2024. Mrithi wake, Vega C, aliruka vyema Julai 2022, akaanguka Desemba mwaka huo kwa kuliwa koo la bomba la kipande cha pili, ugonjwa wa jamaa ile ile iliyompata Algol mwaka 1963, na kama Scout alirudishwa karakana, akasimama tena tarehe 5 Desemba 2024. Sasa yatayarishwa Vega E, ambayo vipande vyake vya juu vitaachia nafasi injini moja ya methani na oksijeni, na hivyo fueli yabisi itaanza kuondoka katika ukoo huu.

Nami nakiri nasikitika kwamba hapana hata mmoja katika warithi hao aliyeletwa Ngomeni. Tarehe 9 Desemba 2021, Marekani na Italia zilipotaka tena chombo cha eksirei katika obiti ya Ikweta, IXPE, chenye uzito wa kilo 330 hivi, zilikirusha kutoka Florida kwa Falcon 9, jitu ambalo sehemu kubwa ya nguvu zake ilitumika kuipindisha njia. Kituo kikuu cha kupokea habari za chombo hicho, hata hivyo, ni kile kile cha Malindi, ambacho antena zake zi nchi kavu, zikiyatazama majukwaa. Mapema mwaka 2022 IXPE ilielekezwa kwenye nyota moja ndogo yenye usumaku wa kutisha, iliyo upande wa kundi la Cassiopeia, na wanafalaki wakaona kwa mara ya kwanza jinsi miali ya nyota ya aina hiyo ilivyoegemea upande mmoja. Jina lake ni 4U 0142+61: nambari 4 ni ya orodha ya nne, na herufi U ni ya Uhuru.