Samadi tunayoona haya kuitaja

Neno ‘choo’ limebebeshwa kazi mbili. Ni chumba, na pia ni kile kinachoachwa humo chumbani. Daktari akimuuliza mgonjwa kama amepata choo, haulizi habari za mlango na paa. Haya zikizidi tunasema ‘haja kubwa’, au tunakwenda ‘msalani’, ilhali msala huo huo ni mkeka wa kuswalia! Kinyesi cha ng’ombe kina jina lake la heshima, samadi, na mkulima huitafuta na kubishania bei yake. Cha binadamu hakina jina kama hilo. Nadhani historia ya usafi pwani na mijini inaeleza kwa kiasi fulani sababu yake.

Hebu tuanzie Gede, karibu na Malindi. James Kirkman alipoanza kufukua magofu yale mwaka wa 1948, alikuta nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo ndani kwa ndani. Huo ni mji ulioshamiri katika karne ya 15. Lamu nako, nyumba za kale zilikuwa na birika la maji ya kujisafishia, na ndani ya birika samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu. Chini kabisa palikuwa na bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wale wabaki na pa kukaa. Aliyebuni hayo hakuhitaji kufundishwa usafi na mgeni. Lakini kilichoingia shimoni kilibaki shimoni, majimaji yakinywea polepole kwenye jiwe la tumbawe. Usafi ulikuwa ni kuzika.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na watu wengi mno, na ufuo wake ukageuka choo na jaa. David Livingstone, aliyepita hapo mwaka wa 1866, aliukejeli uvundo wake kwamba ungeweza kukatwa kipande ukarutubishia bustani. Ni mzaha, ila ndani yake mna wazo ambalo hakuna aliyelishughulikia. Kipindupindu kilikipiga kisiwa mwaka wa 1869 na 1870, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, akakiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka wa 1876.

Nairobi ilizaliwa na reli mwaka wa 1899. Miaka mitatu baadaye tauni ilizuka na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto. Kwa muda mrefu mji ulitegemea vyoo vya ndoo, na walikuwepo watu ambao kazi yao ilikuwa kuzibeba na kuzimwaga. Baadaye yakaja mabomba ya majitaka, ambayo leo hupeleka mzigo wao hadi mabwawa ya Ruai. Bomba ni jambo jema, tatizo ni kwamba halikufika kila mtaa. Kwenye mabanda watu waliachiwa mashimo ya kugawana, na usiku, kwa anayeogopa kutoka nje, mfuko wa plastiki unaorushwa gizani. Hali hiyo ilikuwepo hata Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilipovifanya viwango vya kuridhisha vya usafi kuwa haki ya kila mtu.

Basi ndoo imerudi, safari hii ikiwa na kifuniko. Mtaani Mukuru, kampuni ya Sanergy imeweka vyoo ambavyo uchafu wake hukusanywa kwenye vyombo, ukabebwa na kugeuzwa mbolea. Sehemu nyingine hulishwa mabuu ya nzi, na mabuu hayo yakawa chakula cha mifugo. (Lamu tuliyaona mabuu yakiliwa na samaki, hapa ndiyo wafanyakazi.) Siri ya mbolea hiyo ni joto: rundo likipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, mayai ya minyoo hufa. Lisipopata, mkulima huuziwa ugonjwa.

Ndiyo maana jina lina uzito. Mkulima anayelipia gunia ana haki ya kujua limetoka wapi, na ‘mbolea ya asili’ haimwambii lolote. Samadi ya ng’ombe, ya mbuzi na ya kuku twazitaja bila kupepesa macho. Mimi napendekeza ‘samadi ya watu’. Anayeona kinyaa na alete jina lake.