Detroit: Waliokuja Kuokoa Shule Wakaacha Deni

Wadau, leo nawapeleka Detroit, Marekani. Sitazungumzia magari wala muziki. Nataka tuzungumzie shule za msingi na sekondari za mji ule, kwa sababu kuna somo pale ambalo wengi hulielewa kinyume. Tumezoea kusikia hivi: shirika la umma likifilisika, waondoe wanasiasa, lete meneja mkali apunguze matumizi, mambo yatanyooka. Detroit walijaribu dawa hiyo zaidi ya mara moja. Tuone kilichotokea.

Kwanza tuelewane. Marekani shule za umma haziendeshwi na wizara kutoka makao makuu. Kila eneo lina wilaya yake ya shule, yenye bodi inayochaguliwa na wananchi, bajeti yake na madeni yake. Wilaya ya shule si halmashauri ya mji. Ndiyo maana mji unaweza kufilisika na shule zikafilisika peke yake, kila mmoja kwa mlango wake. Detroit ilipata vyote viwili.

Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Katikati ya miaka ya 1960 shule zake zilikuwa na wanafunzi karibu 300,000. Halafu watu wakaanza kuhama. Viwanda vilitoka mjini, Wazungu wakakimbilia vitongoji vya nje, na baadaye Weusi wenye uwezo nao wakafuata. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa mpango wa kuunganisha shule za Detroit na za vitongoji ili kuvunja ubaguzi. Hiyo ndiyo kesi ya Milliken dhidi ya Bradley. Tangu siku ile mpaka wa mji ukawa ukuta: huku watoto maskini, kule kodi nzuri.

Sasa twende taratibu kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye siri ya jambo lote.

Mwaka 1994 jimbo la Michigan lilibadili namna ya kugharamia shule. Badala ya kutegemea zaidi kodi ya majengo na ardhi ya kila eneo, jimbo likapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuanza kulipa shule kwa kichwa cha mwanafunzi. Mtoto akihama, pesa yake inahama naye. Wakati huohuo sheria ziliruhusu shule za chata, yaani shule za umma zinazoendeshwa na vikundi vilivyo nje ya wilaya, na mzazi akapata nafasi ya kumpeleka mtoto wilaya ya jirani.

Kwenye karatasi inapendeza. Lakini fikiria shule yenye watoto 600. Wakiondoka 60, wanaondoka wanne hapa na watano pale, kila darasa kidogo kidogo. Huwezi kufukuza robo ya mwalimu. Paa ni lilelile, mtambo wa kupasha joto jengo ni uleule, na pensheni ya waliostaafu iko palepale. Mapato yameshuka kwa asilimia 10, gharama hazijasogea. Mwaka unaofuata unapunguza muziki na kuongeza wanafunzi darasani, na wazazi wengine wanaondoa watoto. Hapo umeingia kwenye shimo ambalo kila ukichimba linazidi.

Mwaka 1999 gavana John Engler alitia saini sheria iliyoiondoa bodi iliyochaguliwa na kuweka bodi ya kuteuliwa. Kumbuka: wakati huo wilaya ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 170,000 na ilikuwa na ziada ya karibu dola milioni 93. Ndiyo, ziada! Kulikuwa pia na hati fungani ya dola bilioni 1.5 ambayo wananchi waliipigia kura mwaka 1994 ili kukarabati majengo. Sababu iliyotolewa ilikuwa matokeo mabaya ya mitihani na uendeshaji mbovu, na matokeo kweli yalikuwa mabaya. Ila wananchi waliporudishiwa bodi yao, wajumbe wakaingia ofisini mwaka 2006, ile ziada haikuwepo tena. Walikabidhiwa nakisi.

Bodi hiyo nayo haikufanya maajabu, tusiwapake mafuta. Mwaka 2009 gavana Jennifer Granholm akamteua Robert Bobb kuwa meneja wa fedha wa dharura. Mwaka huohuo wanafunzi wa Detroit walifanya mtihani wa taifa wa hesabu na kupata alama za chini kuliko zote katika historia ya mtihani ule. Bobb alifunga shule nyingi, na alipoondoka mwaka 2011 nakisi ilikuwa imevuka dola milioni 300. Wakafuata Roy Roberts, Jack Martin na Darnell Earley. Mameneja wanne kwa miaka saba! Kati ya mwaka 2000 na 2015 shule za umma karibu 200 zilifungwa.

Je, watu hawa walikuwa wajinga? Mimi sioni hivyo. Walipewa kazi ya kupunguza matumizi, na walipunguza. Tatizo ni kwamba ugonjwa ulikuwa kupungua kwa watoto, na dawa yenyewe ilikuwa inafukuza watoto. Ukifunga shule ya mtaa, mzazi asiye na gari anapokea shule yoyote ya chata iliyo karibu. Pesa imeondoka.

Januari 2016 walimu wakachoka. Wakawa wanapiga simu kwa wingi kusema wanaumwa, na tarehe 20 mwezi huo shule 88 zilifungwa kwa siku moja. Picha walizosambaza zilionyesha ukungu ukutani, panya, na uyoga umeota ndani ya jengo la shule. Hii ni nchi tajiri kuliko zote duniani, bwana!

Kelele zile zilisaidia. Steven Rhodes, jaji aliyesimamia kufilisika kwa mji wenyewe, aliletwa kusimamia mpito. Juni 2016 jimbo likapitisha mpango wa dola milioni 617. Wilaya ya zamani ikabaki kwenye karatasi tu, kazi yake kukusanya kodi na kulipa deni. Wilaya mpya ikachukua watoto, walimu na majengo bila mzigo wa deni lile la uendeshaji. Januari 2017 bodi iliyochaguliwa na wananchi ikaingia kazini, ikamwajiri Nikolai Vitti kuwa mkuu wa shule.

Angalia walichofanya. Walipandisha mishahara ili kujaza nafasi za walimu zilizokuwa wazi. Walikagua vitabu, wakakuta haviendani na viwango vya jimbo, wakaleta mtaala mpya mwaka 2018. Mwaka huohuo walifunga mabomba ya maji ya kunywa shule zote kwa sababu ya risasi na shaba, kisha wakaweka vituo vya maji safi. Walitumia pesa kuwavuta watoto, na wilaya iliyokuwa ikiporomoka kila mwaka ikatulia kwenye wanafunzi karibu 50,000.

Je, wamepona? Kifedha wanasimama. Kitaaluma safari bado ndefu. Korona iliwarudisha nyuma, na mwaka 2022 walikuwa bado mkiani kati ya miji mikubwa iliyopimwa. Mwaka wa masomo 2023-24 karibu theluthi mbili ya wanafunzi walikosa angalau asilimia 10 ya siku za shule. Mwaka 2025 wilaya ilijaribu hata kuwapa wanafunzi wa sekondari kadi za dola 200 kwa kila wiki mbili za mahudhurio kamili. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 1999 leo ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 30. Huyo hakuna mpango wa dola milioni 617 utakaomrudishia darasa lake la tatu.

Ndiyo maana siamini tena mtu akiniambia "tuwaweke kando wachaguliwa kwanza, tunyooshe hesabu, elimu itafuata." Detroit hesabu zilinyooka pale deni lilipobebwa na jimbo lililosaidia kulijenga, na wenye watoto wakarudishiwa kura. Kufunga shule peke yake kulipunguza shule, nakisi ikabaki.

Nawasilisha.