Mwani wa kijani: dawa au mboga?

Tangu nije kukaa Kitale, watu wakijua natoka pwani huniuliza mambo mawili: bei ya samaki, na kama ni kweli mwani huponya sukari na saratani. Hilo la pili nimeulizwa hadi Bungoma. Si la mzaha, maana wapo wanaofikiria kuweka kando vidonge vya hospitali.

Kwanza tujue ni mwani gani. Ule wanaolima kina mama wa Kibuyuni, Kwale, na wenzao wa Unguja na Pemba, huhesabiwa katika mwani mwekundu hata ukionekana kijani. Mwani wa kijani hasa ni ule mwembamba kama jani la saladi, unaoshika mawe. Wataalamu huuita Ulva.

Maji yakipwa, Ulva hubaki juani. Jua kali huzusha ndani yake chembe zinazoharibu seli, nao hujikinga kwa antioksidanti, yaani viini vinavyozizima chembe hizo: karotini, luteini, fenoli. Maabara husaga mwani mkavu, huuloweka katika ethanoli, kisha maji yake huchanganywa na dawa ya zambarau iitwayo DPPH. Zambarau ikigeuka manjano, viini vimefanya kazi.

Kipimo ni kizuri, ila kimepima chupa, hakikumpima mtu. Ufini walipima watu. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000: waliomeza vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Jaribio la Marekani lililofanana na hilo likakatishwa mapema, 1996. Beta-karotini nayo ni antioksidanti, na chupani husifiwa. Kwa hiyo anayekwambia unga wa mwani unatosha badala ya dawa ya sukari, usimsikilize.

Na kwa mtu wa huku bara, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini, karotini, luteini na fenoli zimejaa sokoni: managu, saga, kunde, mrenda. Kasoro iko jikoni. Mboga ikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, vitamini C nyingi hupotea. Ukitia magadi ili ilainike, hasara huzidi. (Najua mrenda bila magadi wengine hawautaki. Basi tia kidogo.)

Sisi wa pwani tukitaka kuula mwani wa kijani kama mboga, tutazame unakochumwa. Ulva hustawi sana panapoingia majitaka, na hufyonza madini mazito kama risasi, hata wataalamu huutumia kupimia uchafu wa bahari. Usichume karibu na mfereji wa mji, wala usinunue unga usiojulikana umetoka ufuo gani. Mwani pia una iodini, na kiasi chake hubadilika mno. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo amuulize daktari wake kabla ya kuuonja.